Daftari la Makosa Katika Karakana ya Mjomba

Katika kazi ya ukarani iko kanuni moja ya zamani ambayo kila kijana hufundishwa siku yake ya kwanza mezani. Kosa lililoandikwa katika kitabu cha hesabu halifutwi kwa raba, wala halikwanguliwi kwa wembe. Hukatwa kwa mstari mmoja wa wino, tarakimu iliyo sahihi ikaandikwa juu yake, na aliyekosa akatia sahihi yake pembeni. Kosa lenyewe lazima liendelee kusomeka. Watu wengi hudhani ya kwamba kanuni hii iliwekwa ili kuwaaibisha makarani, lakini sivyo. Iliwekwa ili mkaguzi ajapo mwakani aione njia yote tuliyopita, mahali tulipopotea na mahali tuliporudi.

Mafundi wengi hawana kanuni hiyo. Fundi akiharibu kipande cha chuma hutazama huku na huku kama kuna aliyemwona, kisha hukisukuma kwa mguu chini ya meza na kuchukua kipande kingine. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za karakana moja iliyoazima kanuni yetu ya makarani, na faida iliyopatikana. Habari nyingi za karakana hiyo ni za kuchekesha. Iko moja isiyochekesha hata kidogo, nayo nitaieleza mahali pake.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa vyuma katika reli kwa muda wa miaka mingi. Alipostaafu alirudi nyumbani, karibu na Njoro katika Kaunti ya Nakuru, akajenga banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Humo aliweka jiliwa, fuawe, keekee ya kusimama, mashine ya kulehemu, na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa umeme. Fahari yake kubwa ni kerezo la zamani lililotengenezwa Uingereza, ambalo alilinunua katika mnada. Kwa msomaji asiyelijua, kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kigumu kikikichonga mpaka kiwe mviringo kamili. Wakulima wa jirani humletea plau zilizovunjika, pampu za maji, na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Wafanyao kazi humo ni mjomba, mwanawe mkubwa, na kijana mmoja mwanagenzi. Mimi huenda Jumamosi, nami sishiki nyundo wala tupa. Kazi yangu ni kuandika daftari.

Daftari lenyewe ni la jalada gumu, nami nililipiga mistari kwa rula nikapata safu nne: tarehe, aliyekosa, kosa lenyewe, na dawa yake. Mjomba ameniruhusu kuyatangaza yaliyomo, mradi nisitaje jina la mtu yeyote.

Ukurasa wa kwanza ni wa mjomba mwenyewe, naye alitaka iwe hivyo, ingawa kosa lake lilikuwa la zamani kuliko daftari. Jirani mmoja alikuwa ameagiza jukwaa la chuma la kuwekea tangi la maji, upana wake futi sita, urefu wake futi sita, na kimo chake futi sita. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo mjomba alililehemu ndani ya banda kwa muda wa siku mbili. Kazi ilikuwa safi, kila kiungo kimenyooka. Siku ya tatu jirani akaja na mkokoteni wa punda na vijana wanne wenye nguvu. Wakaliinua jukwaa, wakaenda nalo mpaka mlangoni, na hapo wakasimama, maana mlango wa banda ulikuwa na upana wa futi nne. Waliligeuza ubavu, wakaligeuza miguu juu, lakini kila upande futi sita zilibaki kuwa futi sita. Mkaza mjomba, aliyekuwa akitazama kutoka jikoni, aliuliza kwa upole kama ni tangi litakaloletwa humo ndani. Mwisho iliwabidi kung'oa mabati ya ukuta mmoja. Katika safu ya dawa nimeandika: "Kabla ya kuanza kazi, pima mlango."

Kosa la pili lilitendwa na mgeni. Mwalimu mmoja, afundishaye sayansi katika shule ya jirani, alikuja kutengenezewa bawaba za lango. Alipokuwa akingoja alianza kumfundisha mwanagenzi jinsi joto linavyosafiri ndani ya vyuma, na kwa kuwa mwalimu mwema hafundishi bila kielelezo, alinyoosha mkono akaokota kipande kilichokuwa mezani. Kipande hicho kilikuwa kimetoka kulehemiwa kitambo kidogo tu. Somo lilikatika papo hapo, na mwalimu akauingiza mkono katika ndoo ya maji pamoja na mkono wa shati na saa yake.

Tulicheka, naye alicheka pia baada ya maumivu kupungua, lakini sababu ya kosa hilo yafaa ijulikane na kila mtu. Chuma huonekana chekundu kikiwa na joto kali tu. Kikipoa chini ya nyuzi 500 hivi, wekundu hutoweka, nacho huonekana sawasawa na chuma kilicholala nje usiku kucha. Lakini nyuzi 400 ni joto mara nne ya maji yanayochemka. Kwa hiyo dawa iliyoandikwa ni hii: kila chuma kinachotoka motoni huandikwa kwa chaki neno MOTO, wala neno hilo halifutwi mpaka mtu asogeze nyuma ya kiganja chake karibu nacho, bila kukigusa, na asisikie joto.

Kosa la tatu ni la mwana wa mjomba, na wapanda baiskeli watalielewa upesi. Aliletewa baiskeli iliyopinda pedali ya kushoto. Akaitia spana, akaisukuma kwa upande ule ambao kila nati hufunguliwa. Haikusogea. Akaongeza bomba refu juu ya mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, kisha akapanda juu ya bomba kwa miguu miwili na kurukaruka. Spana ikachopoka, naye akaketi ndani ya karai la mafuta machafu. Mjomba alimnyanyua, akaugeuza mpini wa spana upande wa pili, na pedali ikafunguka.

Pedali ya kulia ina nyuzi za kawaida, lakini ya kushoto nyuzi zake zimekatwa kinyume, ili mwendo wa mpandaji usiifungue njiani. Hali ni hiyo hiyo katika jiwe la kunolea lenye magurudumu mawili: nati ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia. Kijana yule alikuwa akikaza kwa nguvu zake zote kile alichotaka kukilegeza. Dawa: "Kitu kikikataa, usiongeze nguvu kwanza. Uliza kinafunguliwa upande gani."

Kosa la nne ni la fundi wa umeme aliyeitwa kutengeneza mota ya kerezo. Alimaliza kazi, akaiwasha, akaona inazunguka, akaridhika. Hakutazama inazunguka upande gani. Nyaya mbili alikuwa amezibadilishana, na mota ilikuwa ikizunguka kinyume. Katika kerezo hili la zamani kile kishikio kizito chenye taya tatu, ambacho hushika chuma kinachochongwa, hufungwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa. Mashine ikienda sawa, kazi yenyewe hukikaza. Siku ile kisu kilipogusa chuma, kishikio kilianza kujifungua, kikaanguka sakafuni kikiwa bado kinazunguka, kikatoka mlangoni na kukata njia katikati ya kuku wa mkaza mjomba hadi kwenye shina la mparachichi. Kuku mmoja hakutaga kwa siku kadhaa, na hilo pia limeandikwa.

Kosa la tano liliingia kimyakimya, wala hapakuwa na kitu kilichoruka. Mkulima mmoja aliomba achongewe shafti mpya ya mashine ya kukatia majani, akasema unene wake ni inchi moja. Kijana mwanagenzi alikuwa amesikia watu wakisema ya kwamba inchi ni milimita 25, akachonga shafti ya milimita 25 kamili. Mkulima alipokwenda kuiingiza katika gurudumu lake ilicheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Tangu mapatano ya mwaka 1959 inchi ni milimita 25.4, si 25. Tofauti hiyo kijana aliiona kuwa si kitu, nami nikamwekea karatasi nne za ofisi zilizobanwa pamoja, akaona kwa macho yake unene aliousahau.

Wasomaji wasidhani ya kwamba kukosa kwa vipimo ni jambo la wanagenzi wa kijijini. Mwezi wa Julai mwaka 1983 ndege kubwa ya abiria huko Kanada iliishiwa mafuta ikiwa angani futi 41,000, kwa sababu waliohesabu mafuta walichanganya ratili na kilo. Kwa bahati njema rubani aliishusha kama tiara katika uwanja wa zamani mahali paitwapo Gimli, na watu wote 69 wakapona. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo walichokipeleka kuzunguka sayari ya Mirihi, kwa sababu kundi moja la wataalamu lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na kundi la pili likazipokea kana kwamba ni za kimetriki. Habari hizo tunazijua kwa sababu moja tu: katika kila tukio uchunguzi ulifanywa, na kosa likaandikwa na kutangazwa wazi, aibu yake na yote. Marubani na wahandisi wa nchi nyingine wakasoma, wakajihadhari.

Sasa nifike kwenye ile habari isiyochekesha, ambayo ndiyo iliyolizaa daftari.

Ilikuwa mwaka 2019, siku ya Alhamisi. Mjomba alikuwa amenunua jiwe jipya la kunolea, la upana wa inchi nane, akamwambia mwanagenzi alifunge katika mashine. Kijana alipokuwa peke yake jiwe lilimponyoka likaanguka juu ya sakafu ya saruji. Aliliokota, akalitazama pande zote, asione ufa. Akalifuta vumbi, akalifunga, asiseme neno. Ijumaa liliwashwa, likazunguka bila tatizo.

Jumamosi nilikuwa nimeketi nje, hatua chache kutoka mlangoni. Mjomba aliwasha mashine anoe patasi. Wakati huo huo mkaza mjomba akamwita aje achukue chai. Mjomba akageuka, akatoka, akaiacha mashine ikizunguka, jambo ambalo lenyewe pia ni kosa, naye amelikubali. Hakuwa amefika nilipokuwa niliposikia mshindo kama wa bunduki. Jiwe lilikuwa limepasuka. Kifuniko cha chuma cha mashine kilizuia vipande vingi, lakini upande wa mbele, mahali pa kunolea, uko wazi. Kipande kimoja kilitoboa bati la paa. Kingine, kikubwa kama ngumi, kilipita mahali pale pale alipokuwa amesimama mjomba, kikajikita katika mwimo wa mlango. Nilikwenda kupima baadaye. Kilikuwa usawa wa kifua chake.

Hesabu yake si ngumu. Jiwe la inchi nane likizunguka mara 2,900 hivi kwa dakika, ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Likiwa zima, halina neno. Likiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa macho, mzunguko wenyewe hulirarua.

Hakuna aliyenena kwa muda. Kisha kijana yule akaanza kulia, akasema yote. Mwana wa mjomba alikwisha kunyanyua mkono ampige, lakini mjomba alimzuia. Akamwuliza kijana neno moja tu: "Mwanangu, kwa nini hukusema?"

Kijana akajibu: "Mzee, niliogopa kuchekwa. Tena niliogopa utanikata mshahara."

Mjomba aliketi juu ya fuawe, akanyamaza kitambo. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alisema ya kwamba kijana amesema kweli, na kweli hiyo ni lawama kwake yeye mwenye karakana. Kila mara kitu kilipoharibika alikuwa akifoka, na wenzake walikuwa wakimdhihaki aliyekosa kwa wiki nzima. "Tumewafundisha vijana kuficha," alisema, "na leo kilichofichwa kimetoka." Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio cha siku ile kingalikuwa chetu sote. Ndipo akaniuliza jinsi sisi makarani tunavyofanya tukikosea, nami nikamweleza ile kanuni ya mstari mmoja wa wino. Jumamosi iliyofuata nilikuja na daftari.

Sheria zilizowekwa ni tatu. Ya kwanza, kila Jumamosi baada ya chai daftari husomwa, na aliyekosa husoma kosa lake mwenyewe kwa sauti. Watu huruhusiwa kucheka, lakini mara moja tu, na hapo hapo; akilirudia mtu neno hilo siku nyingine kwa dhihaka, yeye ndiye anayeandikwa. Ya pili, hasara ya kosa lililosemwa hubebwa na karakana, na hasara ya kosa lililofichwa hubebwa na aliyelificha. Ya tatu, kosa likitendwa mara ya pili na mtu yule yule halichekwi tena, na mkosaji hufagia vumbi la chuma mwezi mzima.

Mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, alimwonya mjomba ya kwamba sheria hizo zitalea uzembe, maana mtu asiyeadhibiwa hajifunzi. Shaka hiyo ni ya haki, nami nililishughulikia daftari kama mkaguzi ashughulikiavyo hesabu. Mwaka wa kwanza makosa yaliyoandikwa yalikuwa mengi, hata mwana wa mjomba akafadhaika akidhani kazi inaharibika. Haikuwa inaharibika. Makosa yale yalikuwapo siku zote, ila sasa yalikuwa yakionekana. Nilipoitazama safu ya majina niliona ya kwamba wengi hawarudii. Na wako waliojifunza kutokana na kosa la mwingine bila kulitenda wenyewe, nayo ndiyo faida kubwa. Kwa mfano, ufunguo wa kukazia taya za kerezo uliwahi kusahauliwa mara moja ndani ya kishikio. Mashine ilipowashwa uliruka ukatoboa sufuria ya chai. Tangu siku hiyo ufunguo huo una msumari wake ukutani, na hakuna mkono unaouachia mahali pengine popote.

Kuhusu jiwe la kunolea, dawa imeandikwa kwa wino mwekundu. Jiwe lililoanguka halifungwi tena katika mashine, hata likionekana zima. Jiwe jipya nalo hutundikwa kwenye kidole au kwenye fimbo, likagongwa polepole kwa mpini wa mti. Likilia kwa sauti nyembamba kama kengele, ni zima. Likitoa sauti ya mfu, lina ufa. Likishafungwa, mtu huiwasha mashine akiwa amesimama kando, akaliacha lizunguke dakika nzima kabla ya kusogea mbele yake. Mkaza mjomba aliposikia hayo alisema ya kwamba wanawake hawakuhitaji kusomeshwa hilo, kwa kuwa tangu zamani hakuna anunuaye chungu sokoni bila kukigonga kwanza na kusikiliza.

Kijana yule mwanagenzi sasa ni fundi kamili, ana banda lake mwenyewe kando ya barabara. Juu ya meza yake pana daftari la jalada gumu, nami nimeombwa kulipiga mistari.

Ndugu zangu wakulima, wengi wenu mna mahali nyumbani pa kutengenezea vifaa, ingawa pengine ni meza moja tu chini ya mti na jiliwa lililoshikwa na kutu. Wana wenu na vibarua wenu hushika vifaa hivyo mkiwa shambani. Na ninyi makarani wenzangu, mnalo banda la aina yenu katika kila ofisi, mahali ambapo barua iliyopotea hufichwa chini ya nyingine. Kabla hamjanunua chombo kipya, nunueni kwanza daftari. Kisha mwenye nyumba au mkubwa wa ofisi achukue kalamu, na kosa la kwanza kuandikwa liwe lake yeye.